Kwenda China na mtaji: Fedha ya kula isichanganywe na fedha ya mzigo

Msafiri anayetoka Dar es Salaam na kushuka Guangzhou, kusini mwa China, anaweza kuwa na dola 8,000 za Marekani kiunoni na bado akashindwa kununua chupa ya maji.

Si kwamba maji hayo ni ghali. Muuza duka hapokei dola, hana mashine ya kusoma kadi ya Visa, na kilichopo mbele yake ni kipande cha karatasi kilichobandikwa ukutani, chenye mraba wa vidoa vyeusi na vyeupe. Wenyeji hufika, huelekeza simu zao za kiganjani kwenye mraba huo, mlio husikika, nao huondoka na bidhaa zao. Mgeni hubaki amesimama.

Hali hiyo imewakuta wafanyabiashara wengi wa Kariakoo, wa Eastleigh jijini Nairobi na wa Kikuubo jijini Kampala, ambao kwa zaidi ya miongo miwili wamekuwa wakifuata nguo, viatu, vipuri, samani na vifaa vya umeme katika jiji hilo. Guangzhou ndiko yanakofanyika Maonyesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957 na ambayo huitishwa mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba. Katika maeneo ya Xiaobei na Sanyuanli, si ajabu kusikia Kiswahili kikizungumzwa barabarani.

Kwa wengi wao safari ni moja au mbili kwa mwaka, na fedha wanayokwenda nayo ndiyo mtaji wote: akiba ya miaka, mkopo wa benki, mchango wa ndugu au fedha ya kikundi cha kuweka na kukopa. Ndiyo maana suala la namna ya kulipa ugenini, ambalo kwa mtalii ni usumbufu wa saa chache, kwa mfanyabiashara mdogo linaweza kumrudisha nyumbani mikono mitupu.

Jambo la kwanza ambalo msafiri hana budi kulielewa ni kwamba anasafiri na fedha za aina mbili. Ipo fedha ya kula, yaani ya chakula, teksi, malazi na mahitaji madogo ya kila siku. Na ipo fedha ya mzigo, yaani ile inayokwenda kwa mwenye kiwanda au mwenye duka la jumla. Fedha hizi hulipwa kwa njia tofauti, hutawaliwa na kanuni tofauti, na hasara zake hazifanani. Wanaoumia zaidi ni wale wanaozibeba zote katika mkoba mmoja na kuzipitisha katika mikono ya mtu mmoja.

Fedha ya China huitwa renminbi, maana yake fedha ya watu, na kipimo chake ni yuan. Katika miaka ya karibuni dola moja ya Marekani imekuwa ikibadilishwa kwa takriban yuan 7. Noti kubwa kuliko zote ni ya yuan 100, yaani kama dola 14 tu. Mtu anayetaka kulipia mzigo wa dola 8,000 kwa noti angelazimika kuhesabu noti 560 mbele ya muuzaji.

Noti za toleo la tano, lililoanza kutolewa mwaka 1999, zote zina sura ya Mao Zedong. Mgeni aliyezoea kutambua noti kwa picha hupotea kirahisi, hasa kwa kuwa noti ya yuan 1 na ile ya yuan 50 zote zina rangi inayoelekea kijani. Ni vyema siku ya kwanza akazitandaza kitandani na kuzisoma tarakimu zake kabla ya kuingia sokoni.

Hata hivyo, noti hizo Wachina wenyewe hawazitumii sana. Huduma ya malipo ya Alipay ilianza mwaka 2004 kwa ajili ya biashara ya mtandaoni, na ile ya WeChat ikafuata mwaka 2013. Ndani ya miaka michache, kuanzia hoteli kubwa hadi muuza viazi vitamu vya kuchoma kando ya barabara, kila mmoja akawa na mraba wake wa malipo, ambao kwa jina la kitaalamu huitwa msimbo wa QR.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hilo si geni. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo hata mama ntilie hupokea malipo kwa simu. Lakini kuna tofauti moja kubwa, na ndiyo inayowakwamisha wageni. Hapa kwetu mtu hupeleka noti zake kwa wakala wa mtaani, naye humwekea salio kwenye simu. China hakuna wakala wa namna hiyo. Salio la simu hutoka katika akaunti ya benki ya China, na asiye na akaunti hiyo kwa miaka mingi alikuwa nje ya mlango.

Mlango ulianza kufunguliwa mwishoni mwa mwaka 2019, na ukafunguka zaidi Julai 2023, Alipay na WeChat ziliporuhusu wageni kuunganisha moja kwa moja kadi za nje, zikiwamo Visa na Mastercard. Machi 2024 kiwango cha juu cha malipo kwa mara moja kilipandishwa kutoka dola 1,000 hadi dola 5,000, na kile cha mwaka mzima kutoka dola 10,000 hadi dola 50,000.

Ipo ada ya kuzingatia. Kwa utaratibu uliotangazwa mwaka 2023, malipo yasiyozidi yuan 200 hayatozwi kitu na kampuni hizo, lakini yakizidi hapo hutozwa asilimia 3. Chakula cha yuan 45 na teksi ya yuan 60 havina ada. Hoteli ya yuan 1,200 itamgharimu msafiri yuan 36 zaidi, mbali na makato ambayo benki yake ya nyumbani huweka kwa kubadilisha shilingi kuwa yuan. Kwa siku kumi za malazi na chakula ada hiyo huvumilika. Kwa mzigo wa kontena haivumiliki, na hiyo ni sababu ya kwanza ya kutenganisha fedha ya kula na fedha ya mzigo.

Kizuizi kingine ni kwamba kadi ya nje humwezesha mgeni kumlipa mfanyabiashara aliyesajiliwa, si kutuma fedha kwa mtu binafsi. Wapo wauzaji wadogo ambao mraba wao ni wa akaunti binafsi, na malipo yakikataa si lazima iwe kadi ni mbovu. Hapo ndipo noti chache za yuan huokoa.

Maandalizi yote haya hufanywa nyumbani, si uwanja wa ndege wa Guangzhou. China imezuia huduma za Google na mtandao wa WhatsApp, na yeyote anayetegemea kupakua programu akiwa huko, au kuwasiliana na mhudumu wa benki yake kwa WhatsApp akitumia intaneti ya hoteli, atajikuta anazungumza na ukuta. Programu ipakuliwe Dar es Salaam, kadi iunganishwe Dar es Salaam, na picha ya hati ya kusafiria ithibitishwe Dar es Salaam. WeChat wakati mwingine humtaka mtumiaji mpya athibitishwe na mtu ambaye tayari anaitumia, hivyo walio wengi huona wepesi kuanza na Alipay.

Jina kwenye programu, kwenye kadi na kwenye hati ya kusafiria sharti lifanane herufi kwa herufi. Mtu anayeitwa Mwajuma benki na Mwanajuma kwenye hati ya kusafiria atakwama, na hakuna wa kumsaidia kwa lugha anayoielewa.

Kisha iko laini ya simu, ambayo wengi huisahau. Benki inapotaka kuhakikisha kwamba anayelipa ndiye mwenye kadi, hutuma tarakimu za siri kwa ujumbe mfupi kwenye namba iliyosajiliwa. Msafiri aliyeichomoa laini yake ya Tanzania na kuweka ya China hatauona ujumbe huo. Huduma ya kutumia laini nje ya nchi iwashwe kabla ya kuondoka, na laini hiyo ibaki ndani ya simu hata kama haitumiki kupiga. Aidha, benki nyingine huzifunga kadi za wateja kwa malipo ya mtandaoni au ya nje ya nchi hadi mwenyewe aombe zifunguliwe, na nyingine huisimamisha kadi zinapoona imetumika ghafla katika nchi ya mbali. Kuandika barua au kufika tawini wiki moja kabla ya safari ni kazi ya nusu saa.

Nusu saa hiyo ina thamani kwa sababu ya saa za dunia. China iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Kadi ikikataa saa tatu asubuhi mjini Guangzhou, Dar es Salaam ni saa kumi alfajiri, na tawi la benki halitafunguliwa hadi mchana kwa saa za huko.

Kadi moja haitoshi. Anayejua safari huwa na mbili kutoka benki tofauti, na huziweka sehemu tofauti. Baadhi ya benki za Tanzania na Kenya hutoa pia kadi za UnionPay, mtandao wa kadi wa China ulioanzishwa mwaka 2002, ambazo hupokelewa katika maduka mengi ya huko yenye mashine ya kadi, mahali ambapo Visa na Mastercard hugonga mwamba. Anayekwenda mara kwa mara afadhali aiulizie.

Nalo betri la simu limegeuka kuwa pochi. Simu ikizimika saa mbili usiku, mtu aliyekuwa na fedha anakuwa hana hata ya teksi. Wengi hubeba betri za akiba, lakini tangu Juni 28, 2025 mamlaka ya usafiri wa anga ya China imepiga marufuku kuingia na betri za akiba zisizo na alama ya ubora ya nchi hiyo, ijulikanayo kama 3C, katika ndege za ndani. Mfanyabiashara anayeruka kutoka Guangzhou kuelekea Yiwu na betri aliyoinunua Kariakoo ajiandae kuiacha kwenye ukaguzi.

Pamoja na hayo yote, fedha taslimu haijafa. Benki Kuu ya China ilitoa matangazo mwaka 2018 na tena mwaka 2020 ikieleza kwamba kukataa noti na sarafu za nchi hiyo ni kosa. Kwa maneno mengine, mgeni anayo haki ya kulipa kwa noti. Lakini haki hiyo haimpatii muuzaji chenji. Mwenye duka ambaye hajashika noti kwa juma zima hana yuan 83 za kurudisha kwenye noti ya 100, na mabishano hayamletei mtu chakula. Dawa yake ni kuomba benki noti ndogo ndogo za yuan 5, 10 na 20 tangu mwanzo. Yuan 500 hadi 1,000 za namna hiyo, zikihifadhiwa kwa ajili ya dharura, hutosha kwa mtu anayelipa mengi kwa simu. Kwa usafiri wa treni za chini ya ardhi na mabasi ya Guangzhou, kadi ya usafiri iitwayo Yang Cheng Tong hununuliwa na kuongezwa fedha kwa noti.

Yuan hupatikana kwenye mashine za kutolea fedha za benki kubwa, zikiwamo Bank of China na ICBC, ambazo hukubali kadi za nje, au kwa kubadilisha dola dirishani. Dirishani mteja huombwa hati ya kusafiria na kujaza fomu, na foleni huweza kula asubuhi nzima. Dola zinazopelekwa huko ziwe safi. Noti iliyochanika, iliyoandikwa kwa kalamu au kupigwa mhuri hukataliwa, na anayezinunua Dar es Salaam anayo haki ya kuzikagua moja moja kabla ya kuondoka dirishani. Noti za dola zilizochapishwa kabla ya mwaka 2006, ambazo hata maduka mengi ya hapa nchini huzikwepa au kuzinunua kwa bei ya chini, hazifai kusafiri nazo.

Ipo hila moja ya zamani ambayo haijaisha kabisa, nayo ni ya noti ya 100. Abiria humpa dereva wa teksi noti halali, dereva huishika, huipapasa, kisha humrudishia akidai ni bandia. Noti iliyorudishwa ndiyo bandia. Ile halali imekwisha kuingia chini ya kiti. Abiria huomba radhi, hutoa nyingine, na pengine hurudishiwa na hiyo pia. Wenyeji wa safari hizo hujilinda kwa kutaja kwa sauti tarakimu mbili za mwisho za namba ya noti kabla ya kuitoa. Wanaolipa teksi kwa simu hawana tatizo hilo hata kidogo.

Kwa wanaopitia Dubai, Doha au Addis Ababa, na hata katika hoteli kubwa za China, mashine ya kadi huweza kuuliza kama mteja angependa kulipa kwa fedha ya nchi hiyo au ya nyumbani kwake. Swali hilo huonekana kama hisani. Anayechagua shilingi au dola huwa amemruhusu mwenye mashine kupanga bei ya ubadilishaji, na bei hiyo kwa kawaida huwa mbaya kuliko ya benki yake mwenyewe. Fedha ya nchi aliyopo msafiri ndilo jibu, iwe dirham, riyal, birr au yuan.

Sasa kuhusu kiuno chenye dola 8,000. Sheria za Tanzania, kama zilivyo za Kenya, humtaka msafiri kutoa taarifa forodhani anapovuka mpaka na fedha taslimu zinazofikia dola 10,000. Wengi hubaki chini ya kiwango hicho na kudhani wamemaliza. China ina kiwango chake, nacho ni cha chini zaidi: anayeingia na zaidi ya dola 5,000 taslimu anapaswa kuzitolea taarifa kwa maandishi, na noti za yuan hazitakiwi kuzidi 20,000 wakati wa kuingia au kutoka. Mtu aliyepita Dar es Salaam bila kosa huweza kuwa mkosaji saa kumi na tano baadaye, kwa fedha ileile. Kutoa taarifa hakutozwi ushuru. Kinacholeta madhara ni kunyamaza, kwani fedha iliyokutwa imefichwa huzua maswali ambayo mgeni hana lugha ya kuyajibu.

Hata aliyetoa taarifa bado amebeba mtaji wake mwilini, katika masoko yenye msongamano na vyumba vya wageni vyenye funguo nyingi. Njia iliyo salama kwa fedha ya mzigo ni kutoipeleka kabisa kwa mkono, bali kuituma kutoka benki ya nyumbani kwenda akaunti ya kampuni inayouza, jambo ambalo wafanyabiashara huliita kupiga TT. Desturi iliyoenea ni kulipa asilimia 30 kama malipo ya awali na asilimia 70 iliyobaki mzigo ukiwa tayari, kabla haujapakiwa. Mnunuzi mwenye busara huikagua bidhaa, au humtuma wa kuikagua, kabla ya kulipa sehemu ya pili. Akishalipa yote, nguvu yake ya kudai huwa imekwisha.

Katika njia hiyo mna mtego mmoja ambao umewagharimu watu wengi duniani. Mnunuzi hurudi nyumbani, na siku chache kabla ya kulipa asilimia 70 hupokea barua pepe yenye nembo ya kampuni ileile, jina la mhudumu yuleyule na lugha ileile, ikimweleza kwamba akaunti ya awali inakaguliwa na fedha zitumwe kwenye akaunti mpya. Barua hiyo haikutoka kiwandani. Mwizi alikwisha kuingia katika barua pepe za mmoja wao, akayasoma mazungumzo yote, akasubiri wakati wa malipo. Fedha zikishatumwa, kuzirejesha ni kazi ngumu, na kiwanda husema, kwa haki, kwamba hakijalipwa.

Kwa hiyo akaunti haibadilishwi kwa barua. Mnunuzi humpigia muuzaji simu kwa namba aliyoichukua dukani, wakaonana uso kwa uso kwa picha, na jina la mwenye akaunti likalinganishwa na jina lililo kwenye leseni ya kampuni na kwenye ankara. Akaunti yenye jina la mtu binafsi, au iliyo katika nchi isiyo na uhusiano wowote na kiwanda, ni sababu ya kusimama.

Lakini hatari kubwa kuliko zote iko karibu zaidi, na mara nyingi huzungumza Kiswahili. Ni yule mtu anayejulikana na kila mmoja, ambaye hupokea shilingi Kariakoo au dola Guangzhou, naye huhakikisha yuan zimeingia katika akaunti ya muuzaji siku hiyohiyo, bila fomu, bila foleni, na kwa bei iliyo nafuu kuliko ya benki. Uhaba wa dola uliojitokeza nchini mwaka 2023 uliwasukuma wengi zaidi kwenye mikono ya watu wa namna hiyo, na si haki kuwalaumu wote waliokwenda huko. Mzigo ulikuwa unasubiri na benki hazikuwa na dola za kuwauzia.

Swali ambalo halikuulizwa ni moja: yuan hizo zilitoka wapi?

Mara nyingi haziendi kwa muuzaji kutoka kwa yule mtu mwenyewe. Hutoka katika akaunti ya mtu wa tatu asiyejulikana, ambaye naye anataka dola nje ya China na ana yuan ndani. Wapo wanaofanya hivyo kukwepa kikomo cha dola 50,000 ambazo raia wa China huruhusiwa kununua kwa mwaka. Na wapo walio na fedha iliyoibwa kwa utapeli wa simu na mtandao, wanaotafuta mahali pa kuisafisha. Polisi wa China wanapofuatilia fedha ya aliyetapeliwa, hufuata nyayo zake kutoka akaunti hadi akaunti, na nyayo hizo huishia kwa muuza viatu aliyempokea mteja kutoka Afrika Mashariki.

Akaunti ya muuzaji hufungiwa. Kwa sheria za nchi hiyo, polisi wanaweza kuizuia kwa miezi 6, na muda huo unaweza kuongezwa. Katika soko la Yiwu, tatizo la akaunti za wauzaji kufungiwa kwa sababu ya malipo ya namna hiyo lilitikisa biashara kiasi cha wauzaji wengi kuanza kuyakataa malipo yanayotoka kwa watu wasiowajua. Muuzaji ambaye hawezi kuigusa fedha hiyo hauoni mzigo kuwa umelipiwa. Mteja anasema amelipa. Mtu wa kati anasema amepeleka. Na wote wawili wanasema kweli, huku viatu vikibaki ghalani.

Mteja huyo hana pa kushtaki. Hana risiti ya benki, jina lake halionekani katika malipo hayo, na kubadilisha fedha nje ya benki ni kosa kwake pia: kanuni za fedha za kigeni za China za mwaka 2008 huruhusu faini ya hadi asilimia 30 ya kiasi kilichobadilishwa, na makosa makubwa hufikia kiasi chote. Tanzania ina ubalozi Beijing na ubalozi mdogo Guangzhou, ambao huweza kumsaidia raia aliyepoteza hati ya kusafiria au aliyekamatwa. Hauwezi kumdai mtu aliyepokea dola kwenye ngazi za hoteli.

Kinyume chake, malipo ya benki huacha karatasi. Karatasi hiyo ndiyo anayoionyesha kwa muuzaji anayekana, ndiyo anayoiambatanisha na ankara anapokadiriwa ushuru bandarini Dar es Salaam, na ndiyo anayopeleka benki anapoomba mkopo wa mzigo unaofuata. Ada ya TT, ambayo ndiyo hasa huwafukuza watu benki, igawanywe kwa thamani ya mzigo mzima kabla ya kuitwa kubwa. Wafanyabiashara wawili au watatu wanaonunua kiwanda kimoja wakati mwingine hulipa kwa pamoja na kuigawana, ingawa lazima waandikiane kabla.

Kwa dharura, jambo la kupangwa mapema ni mtu wa nyumbani. Msafiri aliyeibiwa kadi na simu bado anaweza kupokea fedha kupitia kampuni za kutuma fedha za kimataifa akiwa na hati ya kusafiria tu, mradi mtumaji ameandika jina lake kama lilivyo kwenye hati hiyo. Mtu huyo wa nyumbani awe na picha ya hati ya kusafiria, namba za simu za benki zote mbili kwa ajili ya kufunga kadi, na anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina. Namba hizo zisikae ndani ya simu peke yake.

Tarehe nazo zitazamwe. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa la China, na sikukuu ya mwaka mpya wao, inayoangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, hufunga viwanda kwa majuma kadhaa. Huduma za benki kwa fedha za kigeni hupungua. Aliyefika siku ya kwanza ya sikukuu hula fedha ya mzigo akisubiri milango ifunguliwe.

Siku ya kurudi, yuan zilizobaki hazifai kuletwa nyumbani kwa wingi, kwa kuwa maduka machache ya hapa hutoa bei ya maana. Benki za China huzigeuza kuwa dola, na kwa kiasi kisichozidi thamani ya dola 500 kwa siku huhitajika hati ya kusafiria pekee. Kikizidi hapo, mgeni huombwa risiti ya awali aliyopewa alipobadilisha dola zake, ambayo hudumu miezi 24. Wengi huwa wameitupa hotelini pamoja na risiti za chakula. Na msafiri wa ndege ya usiku asitegemee dirisha la benki la uwanjani, kwani huweza kulikuta limefungwa. Abadilishe mjini, mchana wa siku hiyo, na abakize yuan za teksi ya kumfikisha uwanjani.